Dawa Isiyo Dawa: Mtoto wa Mvita na Lugha ya Kumfunza Kuhusu Vileo

Ni maneno machache ya Kiswahili yenye heshima nyumbani kama neno dawa. Mtoto wa miaka minne anayelelewa Kibokoni au Kuze hulizoea kabla hajaweza kuhesabu hadi kumi: kuna dawa ya kikohozi, dawa ya macho, dawa ya minyoo, na ile dawa ya meno anayoitia mswakini kila asubuhi. Hubembelezwa aimeze, husifiwa akishaimeza, na nyanya yake humwambia kwamba asiyekunywa dawa hapoi. Kisha siku moja mgeni aliyevaa tai huletwa darasani akawaambia watoto kwamba dawa ni adui, dawa huua, dawa zimewamaliza vijana wa Mombasa. Mtoto huyo hawezi kulaumiwa akirejea nyumbani na kuukaza mdomo mbele ya kijiko cha shurubati. Wala hawezi kulaumiwa akihitimisha kinyume chake, kwamba kitu kinachoitwa dawa hakiwezi kuwa kibaya kiasi hicho.

Jambo hili laweza kuonekana kuwa mzaha wa wanaisimu. Si mzaha. Istilahi "dawa za kulevya" imefuata nyayo za neno la Kiingereza lenye maana mbili, na ikaleta utata wake wote katika lugha ambayo haikuwa na haja nao. Kwa mwanafunzi wa sekondari maneno "za kulevya" yanatosha kutenganisha maana. Kwa mtoto wa shule ya awali, nomino ndiyo inayobaki kichwani. Kinachofuata huanguka njiani. Na watu wazima wenyewe hukiangusha. Husema "fulani anatumia madawa", basi. Wahariri na walimu wamelikosoa umbo hilo la "madawa" kwa miaka mingi, wakisisitiza kwamba wingi wa dawa ni dawa. Wamesema kweli kisarufi, lakini ni wachache waliojiuliza kwa nini umma umelishikilia. Huenda umma umehisi kile ambacho wasomi hawakukihisi, kwamba vitu viwili hivi havifai kukaa chini ya jina moja, na kwa kukosa neno jingine ukaokota kiambishi.

Yapo maneno mengine. "Mihadarati" limetufikia kutoka Kiarabu, na mzizi wake unahusu kufa ganzi. Ni neno zuri la kitabuni, lakini mtoto halioni ndani. Ajabu ni kwamba wazo lililomo ni jepesi mno: kila mtoto aliyewahi kukalia mguu wake katika mkeka wa chuo mpaka ukafa ganzi anajua ni nini kuwa na kiungo ambacho hakimsikii mwenyewe. Mwalimu akianzia hapo, kwenye mguu, ameshafika nusu ya somo bila kutaja sumu wala kaburi. "Vileo" nalo ni neno la zamani, na mtoto anayejua maana ya kulewa hulifahamu mara moja, ingawa matumizi yake ya kila siku yameelekea zaidi kwenye pombe. Kati ya yote, "vitu vya kulevya" ndiyo fasili nyepesi zaidi, na haimgombanishi mtoto na chupa ya dawa iliyo juu ya kabati. Wala hapana haja ya kumfunza neno la jumla kabla ya kumfunza majina ya vitu vyenyewe: sigara, kuberi, muguka, mnazi, bangi, unga.

Hilo la mwisho lina mkasa wake. Mtoto wa Mji wa Kale hutumwa dukani kununua unga wa ngano ili mama akande chapati, au asubuhi ili yapikwe mahamri. Jioni hiyo hiyo, akipita karibu na barza, husikia kwamba kijana fulani "amekamatwa na unga" au "unga umemkausha". Heroini ilipoanza kuenea katika miji ya pwani ya Kenya kwenye miaka ya 1980, aina iliyotangulia ilikuwa na jina la Kiingereza lenye maana ya sukari ya hudhurungi; baadaye likashika jina la unga. Sukari na unga! Lugha ya mtaani ilikwenda moja kwa moja katika kabati la jikoni kuchagua mavazi ya kuivika sumu hii. Waliochagua majina hayo walitaka kuzungumza mbele ya watoto na askari bila kufahamika, na kwa watoto walifaulu kwa muda. Hawafaulu tena. Watoto wa mtaa wa leo wanajua kwamba kuna unga wa namna mbili. Wasichokijua ni kwamba wanaruhusiwa kuuliza.

Kisiwa cha Mombasa kina sababu za kuuliza mapema. Uchunguzi wa kitaifa uliotolewa na NACADA mwaka 2022 ulieleza kwamba umri mdogo zaidi wa kuanza kutumia tumbaku uliopatikana ni miaka 6, na pombe miaka 7. Miaka michache kabla ya hapo, utafiti wa taasisi hiyo hiyo katika shule za msingi ulionyesha kwamba takriban mwanafunzi mmoja katika kila watano aliwahi kuonja angalau kileo kimoja. Hizi ni takwimu za nchi nzima, si za Mombasa pekee, lakini Mombasa ina bahari mlangoni. Mnamo Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo HMAS Darwin ilinasa zaidi ya tani moja ya heroini katika bahari ya mashariki ya Mombasa. Agosti mwaka huo serikali ya Kenya ikailipua na kuizamisha baharini meli iliyokuwa imekamatwa na shehena ya heroini. Picha za mlipuko ule ziliwafurahisha watoto kama sinema. Hapana aliyewaeleza kilichokuwa ndani kilikuwa kikienda wapi, na kwa nini kingine kama hicho kilikuwa kimekwisha kufika katika vichochoro vyao miaka thelathini nyuma.

Mafunzo yanayotolewa kwa watoto wadogo, pale yanapotolewa, huwa ya namna mbili. Ya kwanza ni amri: haramu, usiguse, mwisho wa maneno. Amri hiyo ina uzito wake katika mji wa misikiti kama Mombasa, na si haki kuidharau. Wako watu wengi ambao neno hilo moja limewakinga maisha yao yote. Udhaifu wake ni kwamba mtoto haoni mahali pa kuliweka pale anapomwona mtu anayemheshimu, aliyetoka kuswali, akiwa na shavu lililovimba kwa muguka. Namna ya pili ni kitisho: picha za mapafu meusi, hadithi za waliokufa, na wakati mwingine mtu aliyeathirika kusimamishwa mbele ya watoto aonekane. Njia hii inapendwa sana, na huenda inapendwa kwa kuwa inamtuliza mtu mzima zaidi ya kumsaidia mtoto. Marekani iliijaribu kwa kiwango kikubwa. Mpango wa D.A.R.E., ulioanzia Los Angeles mwaka 1983, uliwapeleka polisi madarasani kote nchini. Tafiti za miaka ya 1990 zikaonyesha kwamba watoto waliofunzwa hivyo hawakutofautiana kwa kudumu na wale wasiofunzwa. Viwango vya kimataifa vya kinga vilivyotolewa na shirika la Umoja wa Mataifa la dawa za kulevya na uhalifu mwaka 2013, na kurekebishwa pamoja na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, vinasema waziwazi kwamba kutoa habari tupu, hususan za kutia hofu, hakuzai matunda.

Kinachozaa matunda ni cha kushangaza kwa unyonge wake. Katika shule za Baltimore, katikati ya miaka ya 1980, walimu wa darasa la kwanza waliendesha mchezo: watoto waligawanywa katika timu, na timu iliyotunza kanuni za darasa ikapata zawadi ndogo. Ndiyo yote. Hapakutajwa sigara wala heroini. Watoto hao walipofuatiliwa mpaka ujanani, wavulana waliokuwa wakorofi zaidi walionekana kuwa na matatizo machache ya vileo kuliko wenzao ambao hawakucheza mchezo huo. Kujizuia, kungoja zamu, kuwajali wa timu yako: hayo ndiyo waliyojifunza.

Msomaji aweza kuuliza, basi, kama mchezo usio na neno moja kuhusu vileo umefaa, lugha ina kazi gani hapa? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba mtoto wa Mji wa Kale hana fursa ya kutojua. Yeye huishi na jambo lenyewe. Hulipita akienda chuo na akirudi. Ukimya wa wakubwa mbele ya kitu anachokiona kila siku humfunza kwamba hili halisemwi, na mtoto aliyefunzwa hivyo hatasema siku atakapopewa, wala siku atakapotumwa.

Kutumwa ni suala linalostahili kutazamwa kwa makini, maana ndiyo elimu kongwe ya mtoto wa Kiswahili. Mtoto mwema ni anayetumika. Hutumwa na mama, hutumwa na jirani, hutumwa na mtu yeyote mzima aketiye barzani, na kukataa ni utovu wa adabu. Hutumwa sigara moja, ingawa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kuuziwa. Hutumwa ubani wa kutafuna na karanga za kulia muguka. Hutumwa pakiti ya kuberi, ambayo kwa udogo na rangi yake yaweza kudhaniwa peremende. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilimpa mtoto haki ya kulindwa dhidi ya kushirikishwa katika usambazaji wa vileo na si dhidi ya kuvitumia pekee, na sheria iliyochukua nafasi yake mwaka 2022 haikumwondolea ulinzi. Lakini ni nani aliyempa mtoto maneno ya kukataa bila kuvunja heshima? Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya kuitikia: labeka, naam, ewallah. Kwa upande wa kukataa, mtoto hana lolote ila kukimbia. Mwalimu wa Kiswahili anayewafunza watoto wa darasa la pili kusema "Mama amenikataza kubeba hicho, nisamehe mjomba" na kuwaigizisha mara kumi mpaka ulimi uzoee, amefanya kazi kubwa kuliko mabango yote ya barabara ya Digo.

Neno "mjomba" hapo halikuchaguliwa ovyo. Waliokuwa vijana unga ulipoingia sasa ni wajomba, akina baba, na wengine ni mababu. Mtoto anayefunzwa kuhusu vileo katika kisiwa hiki aghalabu hufunzwa kuhusu mtu wa nyumbani kwao. Na neno analofunzwa kumwitia ni teja.

Tulitazame neno hilo kama wanafunzi wa lugha. Kwa umbo, linakaribiana na mteja, yaani mnunuzi, mtu anayehudumiwa. Limepoteza kiambishi cha ngeli ya watu, na wingi wake ni mateja, kama majani na mawe. Katika mazungumzo husemwa "teja lile", si "teja yule". Kiswahili hufanya hivyo kinapotaka kumkuza mtu kwa ubaya au kumdunisha: jitu, toto, zee. Mtoto wa miaka mitano hajui etimolojia, lakini sarufi anaijua, tena anaijua vizuri kuliko mwanafunzi wa chuo kikuu, kwa kuwa haijamtoka damuni. Anaposikia "lile" badala ya "yule" anafahamu kwamba anayezungumziwa ametolewa katika ngeli ya watu. Halafu anafika nyumbani na kumkuta mjomba wake amelala ukumbini. Atachagua lipi? Ama amtoe mjomba katika ngeli ya watu, ama amwone mwalimu kuwa mwongo. Wengi, kwa kuwa wanampenda mjomba, huchagua la pili, na mwalimu akawa amepoteza darasa zima la baadaye kwa neno moja.

Jambo limezidi kutatanika tangu mwaka 2015, tiba ya methadoni ilipofikishwa Kaunti ya Mombasa, huko Kisauni. Tiba hiyo hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na mtumiaji wake hupata nafasi ya kufanya kazi, kula na kulala kama watu. Nyumbani husemwa nini? Husemwa "amekwenda kunywa dawa". Mtoto aliyeambiwa kwamba mjomba aliharibiwa na dawa sasa anaambiwa kwamba mjomba anatengenezwa na dawa, na kwamba ataacha dawa kwa kunywa dawa. Mtu mzima hucheka. Kwa mtoto, hicho ni kitendawili kisicho na jibu, na kosa si la methadoni, ni la istilahi. Kama lingekuwapo neno jingine kwa kile kilichomwangusha, sentensi ingenyooka: mjomba alikuwa akivuta unga, unga ukamtia maradhi, sasa anakunywa dawa. Mtoto wa miaka minne anaielewa sentensi hiyo. Tena ni ya kweli.

Mwaka 2024 ulileta mtihani mwingine. Mnamo Mei, gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku kuingizwa na kuuzwa kwa muguka katika kaunti, akitaja madhara yake kwa vijana na watoto. Kilifi nayo ikafuata. Siku chache baadaye Rais William Ruto alisema amri hizo hazina nguvu kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria za nchi, na Mahakama Kuu huko Embu ikasimamisha utekelezaji wake. Watoto walisikia yote haya redioni. Kwa juma moja jani lilikuwa sumu; juma lililofuata lilikuwa zao la mkulima. Wazazi wengi walinyamaza, na ni dhahiri kwa nini, maana somo la "kibaya ni kile kilichokatazwa na serikali" lilikuwa limevunjika mikononi mwao.

Hata hivyo palikuwa na la kusema. Mtoto aweza kuambiwa kwamba muguka hulimwa na watu wanaosomesha watoto wao kwa huo, kwamba sheria haikuukataza, na kwamba juu ya hayo si kitu chake: hukatiza usingizi, huondoa hamu ya chakula, na hela yake ni hela ya chakula cha usiku. Tambuu vivyo hivyo. Hii ni mila ya kale ya Waswahili, ina visahani vyake, na katika ndoa ilikuwa na adabu zake. Hilo halikuizuia taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza saratani kuthibitisha kwamba tambuu, hata isiyotiwa tumbaku, husababisha saratani. Utamaduni unaoweza kusema ukweli kuhusu tambuu yake wenyewe utasikilizwa ukisema kuhusu unga.

Wako wanaoshikilia kwamba kuzungumza na watoto wadogo kuhusu mambo haya ni kumwamsha aliyelala. Hoja hii haifai kubezwa, kwa sababu ina ukweli mahali pamoja: maelezo ya namna ya kuvuta, kuchanganya au kujidunga hayana nafasi katika darasa la watoto, na baadhi ya wahadhiri wa hamasa huyatoa kwa undani wa kutisha. Lakini katika Mji wa Kale mtoto hakulala. Ameamka, na anatazama dirishani.

Mtu angetarajia kwamba fasihi ya watoto ingekuwa imewahi kujaza pengo hili. Mombasa haina uhaba wa kielelezo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932 kwa Kiswahili chepesi, akazungumza na watu wake kuhusu mienendo yao bila kuwatukana. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, shule za awali za madrasa zilianzia Mombasa zikitumia hadithi, nyimbo na vifaa vya nyumbani, zikaenea hadi Zanzibar na Uganda. Njia ipo basi, na imejaribiwa. Vitabu ndivyo vilivyokosekana. Hadithi fupi "Mkubwa" ya Ali Mwalimu Rashid, katika diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, inagusa biashara ya vileo na wakubwa wanaoifunika, na ilitahiniwa katika KCSE kwa miaka kadhaa. Ni hadithi nzuri. Msomaji wake ana miaka 17. Yule wa miaka 6 hana kitu, au ana kitabu cha mafunzo ambamo mtoto mbaya anavuta sigara ukurasa wa nne na amekufa ukurasa wa nane.

Ngano za Kiswahili hazikuwafunza watoto kwa namna hiyo. Sungura hukosea, hunaswa, hujinasua, na msikilizaji hubaki akijiuliza angefanyaje. Akisema "Pakawa" mtoto anakuwa ameingia hadithini kwa ridhaa yake. Ngano ya kijana aliyepewa kitu cha kufisha ganzi huzuni, akakuta kimefisha na furaha, halafu nduguye akamngojea mlangoni, ingeweza kusimuliwa Kuze leo usiku, na hapana mtoto ambaye angehitaji kufafanuliwa. Lakini lazima aandike mtu anayejua watoto hao husema nini. Kimvita cha watoto wa kisiwani kimesheheni maneno ambayo hayamo katika kamusi yoyote, na yasipojulikana, mwandishi ataandika tena kwa lugha ya mabango.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina wanachama wengi wanaorudi pwani kila likizo ndefu. Kwa idhini ya wazazi na walimu, wangeweza kuanza na orodha fupi ya maneno, wakaketi na watoto wa miaka mitano hadi minane, na kumwuliza kila mmoja maana yake: dawa, teja, muguka, kulewa, unga. Atakayejibu kwamba unga ni wa chapati aandikwe. Atakayetazama mlangoni kwanza kabla ya kujibu, naye aandikwe.